Duka Likifungwa, Kazi Inakwenda Wapi?



Somo letu la leo linahusu maduka na biashara ya kununua vitu kwa simu. Huenda mwenzetu mmoja akasema: "Mimi ni mchumaji wa chai," au "Mimi niko kwenye kiwanda cha saruji kule Bugarama, mambo ya maduka yananihusu nini? Hayo ni ya wafanyabiashara." Tunamwomba asome mpaka mwisho, kisha aseme tena. Sisi nasi tulikuwa tukisema hivyo hivyo, mpaka jambo lilipotupata wenyewe, tena kwa mikono yetu.

HABARI YA VIATU

Karibu na mashamba ya chai tunakofanya kazi iko senta moja ndogo. Hatutaitaja jina, maana senta za namna hiyo ni nyingi hapa Rusizi. Pana butiki ya mama mmoja. Hapo ndipo tunapokopa sabuni, chumvi, mafuta na unga tukisubiri kenzeni. Jina la kila mmoja wetu limo katika kaye yake. Kwa muda wa miaka miwili msichana mmoja, binti wa mwanachama wetu, alikuwa akiuza katika butiki hiyo.

Shule zilipokaribia kufunguliwa mwezi wa tisa, wazazi 40 wa tawi letu walihitaji viatu vya watoto. Kwa mama bei ilikuwa faranga 7,000 kwa jozi. Katika mkutano wa tawi mwenzetu mmoja alitoa simu yake akatuonyesha picha: viatu vile vile, muuzaji yuko Kigali, faranga 5,500. Tulifurahi sana. Sisi viongozi wa tawi ndio tuliokusanya fedha, tukaandika saizi za watoto wote, tukatuma fedha kwa MoMo. Tulijiona tumefanya kazi ya chama.

Viatu vilifika Kamembe kwa basi, vikaletwa senta na motari. Tulipofungua mzigo, jozi 29 zilikuwa sawa na jozi 11 hazikuwa saizi tulizoagiza. Tulimpigia muuzaji. Siku ya kwanza alisema atabadilisha. Siku ya pili alisema tungoje. Siku ya tatu simu haikupokelewa, na mpaka leo haijapokelewa. Wazazi wale 11 wakafanya nini? Walikwenda kwa mama yule yule, wakachukua viatu vya 7,000, tena kwa deni. Mama aliwapa, akaandika katika kaye.

Mwisho wa mwezi huo mama akamwambia yule msichana asije tena kazini, kwa kuwa hana fedha ya kumlipa. Baba yake alisimama katika mkutano wetu uliofuata. Hakumtukana mtu. Alisema tu: "Ndugu zangu, binti yangu amefukuzwa na tawi letu." Tulikaa kimya, kwa kuwa hatukuwa na jibu. Somo hili ni jibu tulilolitafuta tangu siku ile.

TUFANYE HESABU

Mfanyakazi asiyefanya hesabu hufanyiwa na wengine. Basi na tuhesabu.

Kama tungenunua viatu vyote kwa mama: jozi 40 mara 7,000 ni faranga 280,000.

Tulivyonunua kwa simu: jozi 40 mara 5,500 ni faranga 220,000. Ongeza basi na motari, faranga 12,000. Ongeza viatu 11 vya kununua mara ya pili, 77,000. Jumla ni faranga 309,000.

Kwa hiyo bei nafuu ilitugharimu faranga 29,000 zaidi. Lakini jambo lililotuumiza zaidi tuliambiwa baadaye na mama mwenyewe. Alituuliza: "Je, mlikuja kuniuliza bei ya jozi 40? Ningewapa kwa 6,500." Ndiyo kusema faranga 260,000. Hatukumwuliza. Kwa simu tulikwenda kama kundi la watu 40, lakini kwa mama siku zote tulikwenda mmoja mmoja. Sisi tunaofundisha kila siku kwamba mtu mmoja mbele ya mwajiri ni mnyonge, tulisahau fundisho letu mbele ya meza ya duka.

Jozi 11 zile bado ziko katika chumba cha tawi. Mwanachama mwenye mtoto wa saizi hizo na aje.

Hatusemi kwamba kila anayeuza kwa simu ni mdanganyifu. Wako wenzetu wengi walioagiza vitu vikafika salama. Hata kama jozi zote 40 zingekuwa sawa, swali la baba yule lingebaki pale pale, maana binti yake hakupoteza kazi kwa sababu ya jozi 11 mbovu, bali kwa sababu ya jozi 29 zilizokuwa nzuri.

DUKA DOGO LINAISHI KWA NINI?

Tulikwenda kukaa na mama akatueleza. Butiki huuza vitu vya namna mbili. Viko vitu vya kila siku: chumvi, sabuni, kiberiti, unga. Faida yake ni ndogo sana, na sehemu kubwa hutoka kwa deni. Halafu viko vitu vya mara moja moja: viatu, blanketi, redio, mkoba wa shule, kitenge cha sikukuu. Hivyo hulipwa taslimu na faida yake ni kubwa kidogo. Faida ya blanketi ndiyo inayobeba deni la chumvi. Faida ya viatu vya mwezi wa tisa ndiyo inayolipa mshahara wa msichana wa dukani.

Sasa tazama simu inachukua nini. Hakuna mtu anayeagiza chumvi ya faranga 200 kutoka Kigali. Tunaagiza viatu, redio, mkoba na blanketi. Basi fedha yetu taslimu hupanda basi kwenda Kigali, na deni letu hubaki kwa mama. Tunampelekea mgeni faranga zilizo mkononi, kisha tunakwenda kwa jirani na maneno ya "nitalipa kenzeni". Duka la namna hiyo haliwezi kuishi. Nalo likifa, tutamwomba nani unga siku mshahara utakapochelewa? Muuzaji wa kwenye simu hana kaye. Yeye hatoi kitu mpaka fedha iingie.

Hata hivyo tusimsifu mama kupita kiasi. Chama cha wafanyakazi si chama cha wenye maduka. Msichana yule alifanya kazi miaka miwili bila mkataba ulioandikwa. Alifungua saa kumi na mbili asubuhi akafunga saa mbili usiku. Hakukatiwa akiba ya uzeeni. Na sisi sote tunayajua maduka ambayo bei hupanda siku mbili kabla ya kenzeni na kushuka baada yake. Simu imetusaidia kujua bei za mahali pengine, na hilo ni jambo jema. Kwa hiyo hatusemi: "Tupeni simu, turudi zamani." Tunasema: tufahamu kazi inakwenda wapi, ili chama kiifuate.

SI KILA DUKA LILILOFUNGWA LIMEUAWA NA SIMU

Yafaa tuwe waangalifu hapa, maana mwajiri akitaka kupunguza watu hupenda kutaja sababu iliyo mbali, ambayo mfanyakazi hawezi kuikagua.

Tazama mji wetu. Wazee wanakumbuka Cyangugu ya chini, kando ya ziwa Kivu karibu na daraja, ilipokuwa mahali pa maduka. Leo biashara imepanda kilima, iko Kamembe. Cyangugu haikuishiwa na maduka kwa sababu ya intaneti. Vita, mpaka na barabara ndivyo vilivyohamisha biashara.

Tazama tena mwaka 2020. Mwezi wa tatu mipaka ilifungwa kwa ajili ya Korona, na mwezi wa sita wilaya yetu ya Rusizi ikawekwa tena chini ya amri ya kutotoka nyumbani wakati sehemu nyingine za nchi zilikuwa zimefunguliwa. Duka la Kamembe linalotegemea wanunuzi wa kutoka Bukavu lilipoteza wateja wake wa ng'ambo. Februari 2025 vita vilipofika Bukavu, biashara ya mpakani ikatikisika tena. Hayo hayakuletwa na simu, ingawa watu waliofungiwa nyumbani ndio waliozoea zaidi kulipa kwa simu. MTN ilianzisha malipo ya simu hapa Rwanda mwaka 2010, lakini ilikuwa katika miezi ile ya Korona ambapo hata mama wa ndizi alianza kupokea MoMo.

Kenya lilikuwako duka kubwa la Nakumatt, lenye matawi mengi, mengine hapa hapa Kigali. Liliporomoka kuanzia mwaka 2017, na Januari 2020 waliolidai walipiga kura lifungwe kabisa. Lililolimaliza ni madeni. Lilipanua matawi kwa fedha za kukopa, likashindwa kuwalipa waliolipa bidhaa kwa mkopo.

Na biashara ya intaneti yenyewe si mlima usiotikisika. Kampuni ya Jumia ilianza Lagos mwaka 2012. Aprili 2019 iliingia soko la hisa la New York. Kabla ya mwaka huo kwisha ilikuwa imefunga kazi zake Kameruni na Tanzania, na Januari 2020 ikafunga Rwanda. Waliokuwa wakiifanyia kazi nao walirudi nyumbani, sawa na wale wa dukani.

Kwa hiyo, ndugu, ukiambiwa "tunafunga kwa sababu ya intaneti", uliza kwanza: deni ni kiasi gani? Kodi ya nyumba je? Nani amechukua faida ya miaka iliyopita?

WENZETU WA UINGEREZA NA IRELAND

Sasa tutoke Rusizi kidogo, twende mahali ambapo jambo hili limefika mbali zaidi, ili tuone mbele ya safari yetu kuna nini.

Uingereza kila mji una mtaa wake mkuu wa maduka. Mwaka 2006 katika kila pauni 100 zilizotumika madukani, karibu pauni 3 tu zilipitia intaneti. Mwaka 2024 zilikuwa zaidi ya robo. Katika miaka hiyo maduka mengi yenye majina makubwa yalifungwa. Woolworths, lililofungua duka lake la kwanza la Uingereza katika mji wa Liverpool mwaka 1909, lilifunga milango Januari 2009, likiwa na maduka karibu 800 na wafanyakazi wapatao 27,000. Huko nako madeni yalikuwa na sehemu kubwa katika kifo hicho.

Lakini tunataka mtazame zaidi habari ya duka la Debenhams. Januari 2021 kampuni ya Boohoo, inayouza nguo kwa intaneti, ilinunua jina la Debenhams na biashara yake ya mtandaoni kwa pauni milioni 55. Maduka haikuyataka. Wafanyakazi haikuwataka. Wapatao 12,000 walipoteza kazi, na mwezi wa tano mwaka huo milango ya mwisho ikafungwa. Fikirini, ndugu: jina lililopata heshima kwa jasho la wauzaji wa miaka mingi liliuzwa, na wauzaji wenyewe wakaachwa nje kama makasha matupu.

Katika nchi jirani ya Ireland, wafanyakazi wa Debenhams walikuwa wamekwisha kutupwa mwaka uliotangulia. Aprili 2020, katikati ya Korona, maduka 11 yalifungwa na habari ililetwa kwa barua pepe. Wengi wao walikuwa wanawake, na wako waliofanya kazi humo miaka ishirini na zaidi. Mwaka 2016 chama chao, Mandate, kilikuwa kimekubaliana na kampuni kwamba mfanyakazi akipunguzwa atalipwa, juu ya yale ya kisheria, mshahara wa wiki mbili zaidi kwa kila mwaka wa kazi. Kampuni ilipofilisika, walioshughulikia ufilisi walisema hakuna fedha ya mapatano hayo.

Wanawake wale waliona jambo moja: ndani ya maduka mlikuwa bado na bidhaa zenye thamani kubwa. Basi wakasimama milangoni, usiku na mchana, mvua na baridi, bidhaa zisitoke. Walisimama siku 406. Mei 2021 walikubali mfuko wa mafunzo wa yuro milioni 3. Hawakupata fedha yote waliyoidai, na tusiwadanganye wasomaji wetu kwamba walishinda kabisa. Lakini nchi nzima ililazimika kusikia kwamba sheria ya ufilisi humweka mfanyakazi nyuma ya wenye kudai wengine. Fundisho lao kwetu ni hili: mapatano ambayo hayana fedha iliyotengwa ni karatasi, na mfanyakazi ana nguvu wakati bidhaa bado ziko mahali anapoweza kusimama mlangoni.

KAZI IMEKWENDA WAPI?

Wengi hufikiri kwamba duka likifungwa kazi imekwisha. Si kweli. Kiatu hakina miguu ya kutembea chenyewe mpaka nyumbani kwako. Lazima mtu akipange, mtu akitafute katika ghala, mtu akifunge, mtu akipeleke. Kazi ya duka imegawanyika vipande viwili: kipande kimoja kimekwenda ghalani, kingine kimekwenda barabarani. Vyote viwili vimetoka mbele ya macho ya mnunuzi. Zamani ulimwona msichana wa dukani, ukajua kama amechoka, kama ni mgonjwa, kama analipwa. Leo humwoni mtu. Unaona picha ya kiatu na bei.

Miongoni mwa ghala kubwa ni zile za Amazon, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1994 ikianza na kuuza vitabu. Humo mfanyakazi hushika mashine ndogo inayohesabu kila kitu anachookota na muda anaotumia. Ndugu zetu wachumaji wa chai hawahitaji kuelezwa jambo hili kwa urefu. Nasi tunapimwa kwa mizani jioni. Tofauti ni kwamba mizani ya chai hupima mara chache kwa siku, nayo mashine ile hupima kila dakika.

Je, wafanyakazi wa ghala walikubali kukaa kimya? Hapana. Tarehe 1 Aprili 2022 wafanyakazi wa ghala la Amazon la Staten Island, New York, walihesabiwa kura zao za kuunda chama: 2,654 waliunga mkono na 2,131 walikataa. Lilikuwa ghala la kwanza la kampuni hiyo nchini Marekani kuingia katika chama, ingawa kampuni ilipinga matokeo na haikukaa kuzungumza mkataba. Januari 2023 wenzao wa Coventry, Uingereza, wakiwa na chama cha GMB, walifanya mgomo wa kwanza rasmi katika Amazon ya nchi hiyo wakidai pauni 15 kwa saa. Julai 2024 walipiga kura ya kutaka chama chao kitambuliwe, wakashindwa kwa kura chache mno. Tunaandika kushinda na kushindwa kwa pamoja, maana mwanachama anayeambiwa habari za ushindi tu hukata tamaa siku ya kwanza ya shida.

Hapa kwetu ghala kubwa za namna hiyo hazijafika. Lakini kipande cha pili, kile cha barabarani, kimefika. Ni motari aliyetuletea viatu. Yeye hubeba mzigo katika mvua ya Rusizi, mafuta ni yake, na akianguka gharama ni yake. Siku hakuna mzigo hakuna chakula. Tulipopiga hesabu ya viatu tuliandika "basi na motari, 12,000". Hatukujiuliza katika hizo yeye alibaki na ngapi baada ya petroli. Muuzaji wa Kigali haangalii. Mnunuzi, yaani sisi, hakuangalia. Basi bei nafuu haitoki mbinguni. Kila mara kuna mtu anayeilipia, naye mara nyingi ni mfanyakazi ambaye hatukumwona.

SHERIA INASEMA NINI?

Sheria ya kazi ya Rwanda ya mwaka 2018 inasema mkataba wa kazi usioandikwa hauwezi kuzidi siku 90 mfululizo. Tena mwajiri anayetaka kuvunja mkataba usio na kikomo hana budi kutoa taarifa: siku 15 kwa aliyefanya kazi chini ya mwaka, siku 30 kwa aliyefanya mwaka au zaidi. Mfanyakazi mwenye mkataba aliyefanya kazi miezi 12 mfululizo, akiachishwa kwa sababu za kiuchumi, anastahili malipo ya mwisho: mshahara wa mwezi mmoja ikiwa hajatimiza miaka 5, miezi miwili kati ya miaka 5 na 10, na kuendelea hivyo kadiri miaka inavyoongezeka. Mwaka 2023 saa za kazi zilipunguzwa kutoka 45 mpaka 40 kwa wiki. Na tangu Januari 2025 mchango wa uzeeni kwa RSSB ni 12 kwa 100 ya mshahara, nusu akitoa mwajiri na nusu mfanyakazi. Asiye na mwajiri wa kudumu, kama motari, anaweza kujiwekea akiba katika mpango wa Ejo Heza.

Msichana wetu alisema: "Mimi sina karatasi yoyote, nitathibitishaje kwamba nilifanya kazi?" Tukamwomba afungue simu yake. Humo mlikuwa na ujumbe wa MoMo wa kila mwezi, fedha kutoka kwa mama, karibu kiasi kile kile, miezi zaidi ya ishirini. Simu ile ile iliyomwondoa kazini ndiyo iliyokuwa shahidi wake. Ndugu, msifute ujumbe wa mshahara. Unakilini katika daftari: tarehe, kiasi, jina la aliyetuma. Ikiwa unalipwa mkononi, andika pia, na mwambie mwenzako aweke sahihi kwamba ameona.

Tulikwenda naye kwa mama kwa heshima, tukamsomea sheria. Mama alikasirika kwanza, kisha akakubali. Alimlipa mshahara wa mwezi mmoja wa taarifa, kwa awamu mbili. Hayo ndiyo tuliyoyapata. Kazi yenyewe haikurudi.

TUFANYE NINI?

Tawi letu limepatana mambo manne. Tunayaandika hapa ili matawi mengine yayapime.

Kwanza: tutanunua kama kundi. Kabla ya mwezi wa tisa na kabla ya sikukuu tutaandika mahitaji ya wanachama, kisha tutakwenda kwa wenye maduka ya senta kuuliza bei ya wengi. Tukiona bei ya simu ni nafuu zaidi, tutahesabu kwanza usafiri na hatari ya kukosea. Mwenye duka anayewapa wafanyakazi wake mikataba ndiye tutakayeanza kwake.

Pili: tukinunua kwa simu tutalipa baada ya kuona mzigo, au tutanunua kwa muuzaji mwenye mahali panapojulikana. Fedha ya wanachama haitatumwa tena kwa namba ya simu peke yake.

Tatu: tutafungua mlango wa chama kwa wauzaji wa maduka. Tumezoea kuandikisha watu 300 wa kiwanda kimoja, tukadharau msichana mmoja wa butiki moja. Lakini Kamembe nzima ina wasichana na vijana wa namna hiyo katika kila mlango. Wakikusanywa, nao ni kiwanda.

Nne: tutakaa na motari. Wao wana umoja wao wa ushirika, hatutaki kuwanyang'anya. Tunataka kujua tu mzigo unalipwaje, na kuwaeleza habari za akiba na bima. Baba wa yule msichana ndiye tuliyemchagua kwenda kuzungumza nao.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA TAWI

Someni somo hili kwa sauti, kisha mgawanyike makundi ya watu watano watano.

1. Taja vitu vitatu ulivyonunua kwa simu mwaka huu. Je, vingepatikana senta? Uliuliza bei?

2. Una deni kiasi gani katika kaye ya duka? Ikiwa duka hilo litafungwa kesho, utakopa wapi kabla ya kenzeni?

3. Wafanyakazi wa Ireland walisimama mlangoni siku 406. Kiwandani kwetu au shambani kwetu, ni kitu gani kilicho na thamani ambacho hakiwezi kutoka bila mikono yetu?

4. Ni wanachama wangapi hapa wana binti au kijana anayefanya kazi dukani? Ana mkataba ulioandikwa? Ikiwa hana, nani atakwenda naye, na siku gani?

Majibu ya swali la nne yaandikwe, yaletwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano ujao. Hayo mengine ni ya kujadiliana, lakini hilo ni kazi.